Ghanim na Chanta Mama

Mikono ya Ghanim bin Musallam haikujua kutua. Akiwekewa kikombe cha kahawa, atakizungusha mpaka kahawa ipoe. Akipanda gari, atarekebisha kioo ambacho hakuna aliyekigusa tangu jana. Msikitini, kabla ya kukimiwa sala, atanyoosha pindo la zulia lililokwisha nyooka. Mkewe Nasriya akisema kwamba majini wengine hupanda kichwani na huyu wa mumewe kakaa vidoleni, na wala hakuwa anatania sana.

Lakini vidole hivyo ndivyo vilivyokuwa riziki yao. Ghanim alikuwa mpigaji wa zumari la kiriba katika bendi ya jeshi, lile lenye mfuko wa kubana kwapani na mabomba ya kuegemeza begani. Watu wa Maskati wamelipenda hata sherehe kubwa bila yake huona imepwaya. Wanachokiona watu ni mfuko na sare. Hawajui kuwa mpigaji humaliza nusu ya umri wake na kifimbo cheusi kisicho na mfuko, cha kujifunzia, kinachopigwa kwa sauti ya chini watu wamekaa mezani. Wenyewe hukiita chanta. Ndani ya chanta mna ulimi, kitu kisichozidi urefu wa njiti ya kiberiti: vipande viwili vyembamba vya plastiki vilivyobanwa pamoja na kufungwa uzi shingoni. Pumzi hupita kati yao, navyo hutetema, na hapo ndipo sauti inapozaliwa. Ulimi ukiwa mbovu, uwe na mapafu ya ngamia, utatoa sauti ya bata aliyekabwa koo.

Kisanduku cha ndimi mpya kilipofika kambini, hakuna aliyethubutu kukifungua kabla ya Ghanim. Alitandika kitambaa cheupe mezani akazimwaga, akaanza kuzichambua kama mwanamke anayechambua mchele. Kwanza jicho. Aliuinua kila ulimi kwenye mwanga wa dirisha akatazama mwanya wake. Ukiwa mpana utamchosha mpigaji, ukiwa mwembamba utajifunga mara tu ukipata unyevu wa pumzi. Halafu mdomo. Aliupuliza wenyewe mtupu, nje ya chanta, kichwa kakiinamisha upande, akisikiliza mlio wake. Wa kukoroma aliutupa kulia, wa kupiga mluzi kushoto. Uliobaki aliuzungushia uzi wenye nta, akauchomeka, na hapo ndipo ufundi ulipoanza. Ulimi ukiusukuma ndani, sauti hupanda, na zile za juu hupanda zaidi kuliko za chini. Ukiuvuta nje, hushuka. Unene wa ukucha unatosha kuiharibu chanta nzima.

Wapigaji walikaa meza moja ndefu, na chanta zote zilitegwa kwa kufuata moja, ya Ghanim. Waliiita chanta mama. Ghanim hupuliza, mwenzake hupuliza, kisha Ghanim huvuta au husukuma ulimi wa mwenzake mpaka sauti mbili ziwe moja. Kwa mtindo huo meza iliimba kama koo moja, miaka nenda miaka rudi. Hakuna aliyewahi kuuliza mama mwenyewe anategwa na nani.

Cheo hicho hakikuandikwa mahali, lakini Ghanim alikithamini kuliko mistari ya begani. Alikuja Maskati kutoka Unguja mwanzoni mwa miaka ya sabini, kijana wa miaka kumi na saba, yeye na mama yake Bi Mwanamize na sanduku la bati. Kiarabu chake kilikuwa cha chuoni, cha kusomea Kurani, na kila alipofungua mdomo sokoni watu walitabasamu. Jeshini walimpa chanta. Alipopuliza hakuna aliyetabasamu, kwa kuwa chanta haina lafudhi. Tangu siku hiyo Ghanim alijijua kuwa yeye ni mtu wa sikio, na mtu wa sikio ndiyo heshima aliyokuwa nayo.

Mwaka 2001 binti yake wa mwisho, Mazoon, alimaliza skuli akasema anataka kuingia kikosi cha wasichana wapiga zumari. Ghanim alifurahi mno. Alimfundisha mwenyewe tangu utotoni, wawili hao wakikaa chini sebuleni, nyumbani kwao Wattaya nyuma ya maduka ya magari. Sasa palikuwa na mtihani wa Jumamosi. Msichana hapigi peke yake. Hupiga sambamba na mwalimu, chanta kwa chanta, na chanta isiyolingana na ya mwalimu hurudishwa nyumbani pamoja na mwenyewe. Nafasi zilikuwa chache, na wanaozitaka walikuwa wengi.

Ndipo Ghanim alipoingiwa na wahaka. Hakuuona ulimi mzuri tena. Kila aliochomeka, zile sauti za juu zilizama. Zilikuwa kama zinatoka chumba cha pili, mlango umefungwa. Aliusukuma kidogo. Bado. Akausukuma tena. Alikwenda Hamriya kununua msasa laini, akarudi, akakumbuka vipira vya kubania ulimi, akaenda tena. Aliilaumu mashine ya baridi kwamba inakausha hewa, akaizima, nyumba ikawaka moto, Nasriya akaiwasha. Aliilaumu bahari. Ijumaa moja aliichukua familia nzima mpaka Yiti, eti aijaribu chanta kwenye hewa ya pwani, na walipofika alikaa garini akipuliza huku wenziwe wakila samaki ufukweni.

"Siku hizi hawatengenezi ndimi," alisema. "Wanagandisha plastiki tu."

"Na zile za mwaka juzi?" Nasriya aliuliza, sindano mkononi. Alikuwa akishona kofia, kazi aliyofunzwa na mama yake, na siku zile alikuwa katikati ya ua la uzi wa kijani.

"Za mwaka juzi zimechoka."

Mama yake Ghanim, Bi Mwanamize, alikuwa kwenye kiti chake pembeni. Bi Mwanamize alikuwa haisikii hata adhana ya msikiti wa jirani, lakini hakukubali kuitwa kiziwi. Alisema watu wa siku hizi hawasemi, wananong'ona. Ghanim alimcheka sana kwa jambo hilo. Akimwigiza mbele ya wageni, akikunja kiganja sikioni na kulalamika kwa sauti ya kibibi, na wageni wakishika mbavu. Nyani haoni kundule.

Kambini, rafiki yake Ishaq alijaribu kusema. Walikuwa pamoja tangu ujana, na Ishaq peke yake ndiye aliyeweza kumwita kwa jina bila ya kuongeza kitu.

"Ghanim, ndugu yangu, huoni kama leo tuko juu?"

"Juu ya nini?"

"Juu tu. Sauti za juu zinachoma."

"Ishaq, tangu tulipokuwa vijana sikio lako moja linasikiliza, la pili linafikiria chakula."

Meza nzima ilicheka. Ishaq naye akacheka, akaichukua chanta yake ikategwa kwa kufuata chanta mama, kama zote. Vijana wa meza ile hawakuwa na la kusema. Chanta zao zililingana, na chanta zinazolingana hazimshtui mtu. Waliokuja juzi walidhani ndivyo zumari linavyotakiwa kuwa, kali hivyo.

Nyumbani Mazoon naye aliwahi kusema, mara moja tu, mwanzoni mwa majira ya baridi. Baba yake alikuwa amemrudishia chanta baada ya kuitengeneza, yeye akapuliza, akasita.

"Baba, hii imepanda kidogo."

"Kasafishe masikio, mwanangu, kisha uje tena."

Hakusema tena. Tangu hapo alipoambiwa lete, alileta. Akirudishiwa alisema ahsante baba, imekuwa nzuri. Ghanim alitakiwa afurahi. Badala yake utiifu ule ulimkereketa kama mwiba wa samaki usioonekana. Mtoto huyu alikuwa mbishi tangu kuzaliwa, akibishana hata juu ya chumvi ya mchuzi. Kwa nini habishi?

Jumamosi ikafika. Ghanim alikuwa tayari kabla ya watu kuamka vizuri. Kanzu imepigwa pasi, gari limefutwa vumbi, funguo zikicheza mkononi. Bi Mwanamize alimsomea mjukuu wake dua kwa sauti iliyofika mpaka kwa jirani. Wakaondoka. Kwenye taa za barabarani za Wattaya, gari zimesimama, Ghanim alinyoosha mkono.

"Lete chanta."

"Baba, iko sawa."

"Lete nikwambie."

Mazoon alimtazama, kisha akampa. Ghanim aliichomoa sehemu ya juu, ulimi ukabaki wazi. Alipuliza ile noti ya juu kabisa. Imezama. Aliusukuma ulimi kwa kidole gumba, akapuliza. Imezama. Siku zote hizi, na leo, leo hasa, ulimi unamfanyia inda! Akausukuma mpaka ukagota.

Alihisi mkono wa Mazoon begani mwake. "Baba. Taa. Wanakupigia honi."

Aligeuka. Gari ya nyuma ilikuwa imemkaribia, dereva kautoa mkono nje anaupunga kwa hasira. Ghanim hakuwa ameisikia honi hata moja.

Alimwacha mwanawe langoni akabaki garini. Yaani alibaki kwa mwili. Alifuta kioo cha mbele, akakifuta tena. Alishuka akatazama matairi, akapanda, akavua kofia, akaivaa. Alitembea mpaka langoni na kurudi mpaka askari wa zamu akamhurumia akampa maji. Aliogopa, na hofu yake ilikuwa na sura mbili. Ya kwanza ilikuwa hofu ya baba yeyote. Ya pili hakutaka kuitazama usoni: mtoto akirudishwa kwa ajili ya ulimi, basi aliyeutega ulimi ni nani?

Jua lilikuwa limeshakuwa kali Mazoon alipotoka. Alitoka akikimbia, akiwa amesahau kuwa kambini hawakimbii hovyo, shela inamdondoka mabegani.

"Nimepita, baba!"

Ghanim alimkumbatia pale pale mbele ya askari, akalia bila ya haya. Njia nzima alipiga usukani kwa kiganja. "Nilikwambia au sikukwambia? Ulimi! Kila kitu ni ulimi!" Mazoon alicheka akatazama dirishani, mkoba wa chanta kaubana magotini.

Nyumbani Nasriya alipiga vigelegele mpaka Bi Mwanamize akashtuka akauliza nani kaolewa. Halua ilitolewa, kahawa ikamiminwa. Ghanim hakukaa. Aliuchukua mkoba kutoka kwenye kiti Mazoon alipouweka wakati mama yake anamkumbatia, akaifungua chanta.

"Njoo uone, mama," alimpigia kelele Bi Mwanamize. "Njoo uuone ulimi uliomshinda mwalimu!"

Akaichomoa sehemu ya juu.

Ulimi ulikuwa umesimama nje. Asubuhi aliusukuma mpaka ukagota, hilo alilijua kama anavyolijua jina lake. Sasa ulikuwa juu kwa zaidi ya unene wa ukucha, na shingoni, juu kidogo ya uzi wake wa nta, palifungwa uzi mwingine, mwembamba, mzunguko mmoja, umekaa sawasawa kwenye mdomo wa chanta. Ulikuwa alama. Ulimi ukizama, uzi nao huzama usionekane; ukivutwa mpaka uzi utokeze, ndipo pahala pake.

Uzi ulikuwa wa kijani.

Alimtazama mkewe. Kofia ilikuwa kwenye mapaja yake na ua la kijani lilikuwa limekaribia kumalizika. Nasriya aliinamisha macho.

"Nani kafunga huu?"

Bi Mwanamize aliuliza wanasema nini.

"Mimi, baba," alisema Mazoon hatimaye.

"Tangu lini?"

"Tangu baridi. Nikenda kupiga nauvuta. Nikirudi naurudisha ulivyouweka wewe. Leo sikuwahi kuurudisha."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikwambia. Ukanambia nikasafishe masikio."

Mazoon machozi yalikuwa yanamlengalenga, lakini alikuwa ameshaanza na hakutaka kuishia katikati. "Siku ile ya kwanza nilipokwenda kuandikishwa, mwalimu Balqees aliipiga chanta yangu akashtuka. Akauliza nani kakutegea ulimi huu. Nikasema nimeutega mwenyewe."

Ghanim aliiweka chanta juu ya meza, akachukua funguo akatoka.

Alikuwa na hasira, na hasira yake haikujua pa kushukia. Alifika Hamriya bila ya kukumbuka njia aliyopita. Aliingia duka la vifaa akanunua msasa, na kabla ya kufika garini akakumbuka kuwa anao msasa wa kufutia jengo zima. Alikaa garini, akazima injini, akapandisha vioo. Chanta mama ilikuwa kwenye kisanduku cha mbele, haimwachi. Aliitoa akapiga noti zote, kuanzia ya chini kupanda. Za chini zilikuja. Za katikati zilikuja. Alipokaribia juu zilianza kwenda zake, moja baada ya moja, mpaka ya mwisho akaihisi zaidi vidoleni kuliko masikioni. Aliziba sikio la kushoto akajaribu. Akaziba la kulia akajaribu. Kote ni vile vile. Alikumbuka honi. Alikumbuka simu ambayo Nasriya huwahi kuipokea siku zote, hata akiwa mbali nayo kuliko yeye. Alimkumbuka Ishaq akicheka pamoja na wenziwe, na sasa alikijua kile kicheko kilikuwa cha nini, akaona haya mpaka uso ukamwaka moto. Meza nzima ya watu wazima ilikuwa inapiga kosa lake, kwa adabu.

Na angekuwa nani sasa? Alikaa na swali hilo mpaka gari likawa tanuri.

Aliporudi halua ilikuwa pale pale, haikuguswa. Mazoon alikuwa amekaa chini karibu na bibi yake, macho mekundu. Siku ya furaha yake, na baba yake kaigeuza matanga. Ghanim aliliona hilo likamchoma kuliko yote. Alikwenda akapiga magoti mbele ya kiti cha Bi Mwanamize. Hakumpigia kelele kama alivyozoea. Alisogeza mdomo karibu na sikio lake akasema polepole.

"Mama, na mie yamenifika. Masikio."

"Nnajua," alisema Bi Mwanamize.

"Umejuaje?"

"Redio yako, mwanangu. Redio yako nnaisikia mie kiziwi."

Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka neno hilo juu ya nafsi yake. Nasriya aliziba mdomo kwa ncha ya kanga, na kwanza haikujulikana kama analia au anacheka, mpaka kicheko kikamponyoka, Mazoon naye kikamshinda. Ghanim alicheka pia huku ameulaza uso magotini mwa mama yake, naye Bi Mwanamize akamsugua kichwa, akilalamika kwamba wanacheka nini na hawamwambii.

Kisha Ghanim alinyanyuka, akajifuta uso, akaichukua chanta mama aliyotoka nayo garini. Akaketi chini mkabala na Mazoon, kama walivyokaa miaka yote, ila safari hii aliisukuma chanta upande wa mwanawe.

"Itege. Kesho nakwenda nayo mezani, Ishaq na wenziwe waifuate."

"Baba, mimi?"

"Ulimdanganya mwalimu kwamba umeutega mwenyewe. Haya, usiwe muongo."

Mazoon aliifungua. Alipuliza, akavuta ulimi kidogo, akapuliza tena, kichwa kakiinamisha upande, vile vile alivyokuwa akifanya baba yake mbele ya dirisha la kambini. Ghanim alivitazama vidole vya mwanawe. Vyake yeye aliviweka mapajani, akaviacha huko.

"Na uniwekee uzi," alisema.

Nasriya alikata uzi wa kijani kutoka kwenye kofia akamnyooshea binti yake.

"Ukifika pahala pake, mwanangu, niambie," alisema Ghanim. "Maana mie sitojua."